Muda si Msaada: Mwanafunzi wa Sheria Anayeyumba, kutoka Butembo hadi Lamu

Vyuo vya sheria hutofautiana kwa mengi, lakini kuna mwanafunzi mmoja ambaye vyote vinamfahamu: yule aliyeingia kwa haki, akahudhuria masomo, akakesha na daftari, kisha matokeo yakambwaga. Chuo kinamdai ada na bidii. Yeye anakidai chuo nini? Swali hili limejibiwa tofauti Butembo, Dar es Salaam, Paris, Lamu na Marekani, na kila jibu lina historia na heshima yake. Kuyaweka majibu hayo pamoja kunasaidia kuona kile ambacho kila mahali kinafanywa kwa mazoea, bila mtu kukumbuka kwamba kingeweza kufanywa vingine.

Nianzie Butembo na Beni, katika Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Kwa miaka mingi kijana wa huko aliyetaka sheria alilazimika kwenda mbali. Mageuzi ya 1971 yaliunganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa kimoja, UNAZA, na masomo ya sheria yakakusanywa Kinshasa, upande wa pili wa nchi. Mwaka 1989, serikali ilipovifungulia mlango vyuo vya binafsi, Askofu Emmanuel Kataliko wa Butembo-Beni alianzisha Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, UCG, ambacho kitivo chake cha sheria kimelea kizazi cha mawakili na mahakimu wa eneo hilo. Mwaka 2007 Beni ilipata UCBC, chuo cha Kikristo kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Umbali wa safari ukafupika. Umbali wa lugha ukabaki palepale: nyumbani Kinande, sokoni Kiswahili, na kwenye ukumbi wa masomo Kifaransa cha Kanuni ya Madeni ya 1888, kilichoandikwa kabla babu wa mwanafunzi huyo hajazaliwa.

Utaratibu wa kumshughulikia anayeshindwa ulirithiwa kutoka Ubelgiji. Alama hutolewa juu ya 20, na 10 ndiyo mpaka. Asiyefaulu sesheni ya kwanza hupewa sesheni ya pili. Akishindwa tena, siku ya delibe, yaani kikao cha kuamua matokeo, jina lake husomwa miongoni mwa wale watakaodubla, naye huanza mwaka uleule upya, kwa silabusi ileile na mara nyingi mbele ya profesa yuleyule. Mfumo wa LMD, ulioanza kutumika nchini katika mwaka wa masomo 2021–2022, umelegeza kamba hiyo: masomo yamegeuzwa kuwa krediti, 60 kwa mwaka, na aliyepata sehemu kubwa yake anaweza kupanda akiwa na deni la zilizobaki. Hata hivyo falsafa ya chini haikubadilika. Aliyeshindwa anaongezewa muda.

Falsafa hiyo si ya kubezwa. Inaamini kwamba mtu hukomaa kwa mwendo wake, na haimfukuzi mtoto wa mkulima wa Lubero kwa sababu ya Juni moja mbaya. Lakini muda una bei. Kudubla ni kulipa minervali, yaani ada, tena, na ni mwaka mwingine wa chumba cha kupanga na chakula cha mjini. Kibaya zaidi, muda wenyewe huko si wa kutegemewa. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yameiandama Beni na viunga vyake. Kati ya tarehe 1 Agosti 2018 na 25 Juni 2020 eneo hilo lilikuwa kitovu cha mlipuko mkubwa wa Ebola, na tarehe 19 Aprili 2019 daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya UCG yenyewe, mjini Butembo. Kisha kuna siku za mji kufa, ambapo maduka, shule na vyuo hufungwa kwa maandamano au maombolezo. Mwaka wa masomo wa Butembo una matobo ambayo kalenda haiyaonyeshi.

Marekani ilichukua njia iliyo karibu kinyume kabisa. Huko, tangu Christopher Columbus Langdell alipoanza kufundisha kwa hukumu za mahakama pale Harvard mwaka 1870, mwanafunzi wa sheria alizoea kuulizwa maswali darasani muhula mzima bila kupewa alama, kisha kupimwa kwa mtihani mmoja wa mwisho. Juu ya hayo, vyuo vingi hupanga alama za mwaka wa kwanza kwa kuwalinganisha wanafunzi wao kwa wao. Hapo Butembo na Marekani zinaachana. Butembo darasa zima linaweza kufaulu au kuanguka, kwa kuwa kila mmoja anapimwa na 10 yake; Marekani lazima mtu awe wa mwisho, hata kama darasa zima ni la werevu.

Ugumu huo ndio uliozaa msaada rasmi. Mwaka 1968, katika joto la harakati za haki za raia, liliundwa CLEO, baraza lililowaandaa kwa masomo ya kiangazi vijana kutoka jamii zilizokuwa zimefungiwa mlango wa taaluma ya sheria. Kutoka kwenye programu kama hizo zikatokea ofisi za kudumu za msaada wa kitaaluma, zenye walimu ambao kazi yao ni kumfundisha mwanafunzi namna ya kusoma hukumu, kupanga jibu na kujipima. Leo chama cha mawakili wa nchi hiyo kimeuandika wajibu huo katika viwango vyake vya kuidhinisha vyuo: chuo lazima kitoe msaada unaompa mwanafunzi nafasi ya kweli ya kumaliza na kuingia katika taaluma. Hapo msaada ni sharti la kuwapo kwa chuo chenyewe.

Ofisi hizo nazo zina kasoro zake, na Wamarekani wenyewe wamezichunguza. Kristine Knaplund na Richard Sander walipopima programu kadhaa za Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, waligundua kwamba baadhi ziliinua alama kwa kiwango kinachoonekana na nyingine zilifanya kidogo sana, kutegemea namna zilivyopangwa. Palikuwa pia na tatizo la aibu: kwa kuwa programu zilianza na wanafunzi wa jamii fulani, kuitwa ofisini kulisikika kama kutiwa alama. Vyuo vingi vikajibu kwa kufungua mlango kwa kila mwanafunzi. Butembo aibu ina sura nyingine. Anayedubla hujulikana kwa jina mbele ya ukumbi mzima, lakini kwa kuwa wanaodubla ni wengi, hubaki na wenzake; Marekani msaada hutolewa faraghani, na anayeshindwa huondoka peke yake.

Afrika Mashariki ya sheria ya Kiingereza imeweka uzito wake mahali pengine: mlangoni mwa taaluma. Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, mwenye shahada hupita Law Development Centre ya Kampala, iliyoanzishwa mwaka 1970. Kenya imetenganisha kazi mbili: Kenya School of Law hufundisha, na Baraza la Elimu ya Sheria hutahini, ili anayefundisha asiwe ndiye anayehukumu. Tanzania ilianzisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo kwa sheria ya 2007. Mwaka 2022 taasisi hiyo ilitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633 wa kundi moja, 26 tu walifaulu moja kwa moja, 342 wakasapu, yaani wakatakiwa kurudia mitihani, na 265 wakadisko, yaani wakaondolewa. Waziri Damas Ndumbaro akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kutafuta chanzo.

Mjadala uliofuata ulikuwa na faida kuliko takwimu zenyewe. Wengine walivilaumu vyuo vikuu kwa kupeleka wahitimu wasioiva, wengine taasisi kwa ukali wa mitihani, na wengine lugha: mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili anatahiniwa sheria kwa Kiingereza. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, marekebisho ya 2021 yalikuwa yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Tanzania ikawa na mahakama zinazoelekea Kiswahili na madarasa ya sheria yaliyobaki kwenye Kiingereza. Congo nayo ina mkanganyiko unaofanana na huo, ila umegeuka. Kifungu cha kwanza cha Katiba ya 2006 kinakitambua Kiswahili kama mojawapo ya lugha nne za taifa, na mbele ya hakimu wa amani wenye kesi hujieleza kwa lugha wanazozijua. Lakini Kifaransa ndicho lugha rasmi, na kila kitu kinachoandikwa, kutoka hati ya mashtaka hadi jibu la mtihani, ni Kifaransa. Tofauti kubwa iko katika wakati wa kugundua udhaifu. Congo huugundua mapema, mwaka wa kwanza, kisha huurudisha darasani. Tanzania iliugundua mwishoni, baada ya miaka minne ya ada.

Na wazazi wa mfumo wa Congo, je? Wenyewe wamehama. Nchini Ufaransa, ambako tangu 1804 pamekuwa na stashahada ya *capacité en droit* kwa wasio na cheti cha sekondari, sheria ya tarehe 8 Machi 2018 iliviruhusu vyuo vikuu kumjibu mwombaji kwa "ndiyo, ikiwa": unakubaliwa, ikiwa utafuata masomo ya kukuimarisha. Ubelgiji inayozungumza Kifaransa, kwa amri ya tarehe 7 Novemba 2013, ilimtaka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza afanye mitihani ya Januari, ili ajue mapema amesimama wapi, na ikavitaka vyuo viandae shughuli za kumsaidia. Kwa hiyo Butembo imebaki na sesheni ya pili na delibe ya Kibelgiji, wakati Ubelgiji yenyewe imeongeza juu yake mambo ambayo hayakusafirishwa. Hilo si kosa la Butembo. Desturi za kitaaluma husafiri haraka kuliko bajeti zake.

Hata hivyo utamaduni wa kale zaidi wa kufundisha sheria kwa Waswahili haukutoka Ulaya. Katika darsa za pwani, Lamu, Zanzibar au Mombasa, mwanafunzi wa fiqhi ya Kishafi'i huanza na *Safinat al-Naja*, kijitabu kifupi anachoweza kukihifadhi, kisha hupanda hadi matini kubwa zaidi, na kwa wachache hadi *Minhaj* ya Imam Nawawi, iliyokuwa rejea ya makadhi. Mwalimu husoma sentensi, huifafanua, humwuliza mwanafunzi, na huirudia siku inayofuata. Hakuna sesheni ya pili kwa sababu hakuna ya kwanza. Ambaye hajaelewa mlango wa wudhu habadilishiwi mlango. Pale msikiti wa Riyadha, Lamu, Habib Saleh alifundisha hata watu wa tabaka la chini, wakiwemo waliotoka utumwani, wakati elimu ya juu ya dini ilipokuwa mali ya koo chache. Alijibu kwa njia yake swali lile lile ambalo CLEO ingelijibu miongo mingi baadaye.

Darsa ina udhaifu ambao chuo kikuu hakina. Ijaza, yaani idhini ya kufundisha, hutegemea neno la mwalimu mmoja, na kipimo cha darsa hii si cha darsa ile; anayegombana na shehe wake hana pa kukata rufaa. Lakini ina jambo ambalo mifumo mingine imelipoteza: mwalimu anajua mahali hasa ambapo mwanafunzi wake amekwama, kwa sababu amemsikia akisoma. Linganisha na kozi nyingi za Butembo na Beni, ambako profesa mgeni huja kutoka Kinshasa, Kisangani au Goma, hufundisha somo lake kwa siku chache mfululizo, huacha silabusi, na kuondoka. Tangu Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 na uwanja wake wa ndege kufungwa, hata ujio huo umekuwa mgumu zaidi. Anayebaki na mwanafunzi ni asistanti, mwalimu msaidizi. Kwa hiyo msaada wote wa kitaaluma wa kitivo, ukiwapo, umekaa mabegani mwa kijana mmoja mwenye mshahara mdogo na rundo la karatasi.

Ni wapi hasa mwanafunzi hukwama? Nadhani mila zote nilizozitaja zinajibu kitu kimoja. Mwanasheria wa Kifaransa hufundishwa kuanza na kanuni, kuiteremsha kwenye tukio, kisha kutoa hitimisho. Mmarekani hufundishwa kutaja suala, kanuni, matumizi yake na hitimisho. Mwanafiqhi anayetumia kiyasi, yaani ulinganishaji, hutafuta asili, tawi, illa (sababu) inayoviunganisha, na hukumu. Maumbo haya hayalingani: Mfaransa huanzia kwenye matini ya sheria, Mmarekani kwenye kadhia iliyokwisha kuamuliwa, mwanafiqhi kwenye nassi na sababu yake. Hata hivyo yote matatu ni umbo la kupanga fikra, na umbo hujifunzwa kwa kuandika au kusema, kukosolewa, na kurudia. Anayeanguka mara nyingi ana akili na ameihifadhi silabusi. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha kwamba jibu lake lina kanuni bila tukio, au tukio bila kanuni.

Chukua swali la ardhi, ambalo Kivu hakuna asiyelijua. Mkulima analima shamba alilopewa na chifu wa ardhi kwa ada ya kimila. Mfanyabiashara wa mjini anatokea na cheti cha usajili. Nani ana haki? Mwanafunzi kutoka Lubero anaijua kadhia hii kuliko profesa wa Kinshasa. Ameisikia ikijadiliwa na wazee barazani, pande zote mbili zikisikilizwa, mashahidi wa mipaka wakiitwa. Lakini mbele ya mtihani anatakiwa aanze na kifungu cha 53 cha sheria ya 1973, kinachosema udongo ni mali ya dola pekee, apitie kifungu cha 389, kilichoahidi amri ya rais juu ya ardhi za jamii ambayo haijatolewa, na afike kifungu cha 153 cha Katiba, kinachoruhusu mahakama kutumia mila isipopingana na utulivu wa umma na maadili. Akiandika alichosikia barazani, anapata 6. Akiandika vifungu bila kadhia, anapata 8. Kutoka hapo hadi 12 hakuhitaji mwaka mzima. Kunahitaji mtu asome jibu lake na kulirudisha likiwa na wino mwekundu kando.

Hali ya kuzingirwa iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini kuanzia tarehe 6 Mei 2021 inalionyesha jambo hilo kwa ukali zaidi. Kesi za jinai za raia zilihamishiwa mahakama za kijeshi, na mwanafunzi aliyekariri mamlaka ya mahakama za kawaida alijikuta mjini kwake haoni alichokariri. Ambaye alikuwa amefundishwa kuuliza ni chombo gani kina mamlaka, na kwa kanuni ipi, aliweza kuifuata hali mpya. Hifadhi peke yake ilimwacha mtu njiani.

Historia ya Congo yenyewe ina ushahidi. Marcel Lihau, aliyezaliwa mwaka 1931, alifika Leuven kusoma sheria baada ya walimu Wajesuti kumsaidia kujiandaa kwa lugha alizohitaji ili akubaliwe, katika enzi ambayo karibu hakuna Mkongo aliyefunguliwa mlango huo. Alikuja kushiriki katika kuandika katiba, na kuanzia 1968 akawa Rais wa Kwanza wa Mahakama Kuu ya nchi. Hakuna anayesema leo kwamba msaada ule ulipunguza uzito wa shahada yake.

Basi ukizipima mila hizi pamoja, hakuna inayostahili kuigwa nzima. Marekani ina ofisi na pia mashindano makali. Tanzania na Kenya zina kipimo cha pamoja ambacho Butembo haina, lakini hukiweka mwishoni. Ufaransa na Ubelgiji zimejifunza kuonya mapema. Lamu inamjua mwanafunzi kwa jina na kwa kosa lake. Na Congo ina subira ambayo wengine wangeweza kuazima. Hukumu yangu ni kwamba subira hiyo imekuwa ikitumika vibaya, kwa sababu mwaka unaorudiwa bila mtu wa kuusoma ni adhabu iliyopewa jina la nafasi.

Kwa vitivo vya Butembo na Beni kuna mambo matatu yasiyosubiri mfadhili. La kwanza ni zoezi la kuandika katika wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza, lisilohesabiwa katika delibe, na linalorudishwa likiwa na maelezo. La pili ni kuiruhusu kadhia ijadiliwe kwa Kiswahili au Kinande kabla ya kuandikwa kwa Kifaransa, ili udhaifu wa lugha usichukuliwe kuwa udhaifu wa fikra. La tatu ni kumlipa asistanti kwa saa anazosoma kazi za wanafunzi kama anavyolipwa kwa saa anazosimamia mtihani. Wakuu wa vitivo wanaweza kuyaamua haya katika kikao kimoja cha kabla ya kufungua mwaka, na wazazi wanaolipa minervali wana haki ya kuwauliza kama wameyaamua.